Wawili Wakitembea: Nani Anafuata Hatua za Nani?

Kuna aina ya hadithi miongoni mwetu sisi waandishi chipukizi ambayo mimi naiita hadithi ya likizo. Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kukutana nayo. Mume na mke, au mtu na mchumba wake, wanapata siku saba za mapumziko. Wanapanda ndege kwenda Ulaya ya kaskazini, tuseme mji wa Copenhagen, Denmark, mwezi wa Julai. Hawana biashara huko, hawana ndugu wa kumjulia hali. Wanatembea kwa miguu tangu asubuhi, wanakula aiskrimu, wanapiga picha, jua linakataa kuzama, wanarudi hotelini wamechoka kwa raha. Siku ya saba wanafunga mizigo. Mwisho.

Wahakiki wetu wakongwe wakiipata hadithi ya namna hiyo wanaitupa kando. Wanauliza: mgogoro uko wapi? Ujumbe kwa jamii ni upi? Sote tumefundishwa darasani kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na katika kioo hicho tumezoea kuona njaa, rushwa, ndoa za kulazimishwa na kifo katika sura ya mwisho. Watu wawili walioshiba, wanaotembea taratibu kando ya maji, hawaonekani kwenye kioo hicho hata ukikifuta mara kumi.

Mimi nakataa pande zote mbili. Nawakatalia wanaosema raha si fasihi. Na nawakatalia pia wenzangu wanaodhani raha ikishatajwa basi imekwisha kuandikwa. Hoja yangu ni moja tu. Hakuna watu wawili wenye mwendo mmoja. Mmoja ana hatua ndefu, mwingine fupi. Mmoja ana viatu vipya, mwingine ana ramani mkononi. Mmoja ndiye aliyelipa, mwingine amelipiwa. Hadithi ya wawili wakitembea imo ndani ya tofauti hiyo. Mwandishi asiyetuonyesha nani anafuata hatua za nani ametuandikia orodha ya mitaa, na orodha ya mitaa tunaweza kuipata bure kwa mawakala wa ndege.

Niseme mapema: mimi Copenhagen sijafika. Ni mtu niliyeishia kidato cha nne, na safari zangu ni za daladala. Lakini ninayemhakiki hapa ni mwandishi, siuhakiki mji, na vitabu nitakavyovitaja nimevisoma kwa tafsiri ya Kiingereza kama anavyoweza kuvisoma kijana yeyote mwenye subira.

NENO LENYEWE

Kwanza tulitazame neno la Kiswahili, maana lina mambo. Sisi tuna methali mbili zinazopigana kuhusu kutembea. Moja inasema mtembezi hula miguu yake. Ya pili inasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ya kwanza inamkemea anayerandaranda, ya pili inamtetea. Wazee wametuachia zote mbili tuchague wenyewe.

Serikali nazo zimewahi kuchagua. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, na mitaani Dar es Salaam watu walikamatwa kwa kushindwa kuonyesha kwamba wana kazi, wengine wakapelekwa vijijini wakalime. Mtu asiyeweza kujibu swali la "unakwenda wapi?" aliitwa mzururaji. Kwa hiyo mwandishi wetu anapomwandika kijana anayetembea siku nzima bila shughuli, hata kama ni kwenye mji wa Wazungu, anagusa jambo zito kuliko anavyodhani. Anasema kuna saa ambazo binadamu ana haki ya kutokuwa na jibu la swali hilo. Huo ni ujumbe, mzee mhakiki! Tatizo ni kwamba mwandishi mwenyewe mara nyingi hajui kama anao.

Halafu kuna "kutembea na". Ukisema Fulani anatembea na Fulani, hakuna mtu katika Kiswahili anayedhani unazungumzia miguu. Lugha yetu imekwisha kuamua kwamba kutembea pamoja na kupendana ni kitendo kimoja. Mswahili anayeandika hadithi ya likizo ana bahati hiyo mkononi, neno moja lenye maana mbili, naye anaitumia kutuambia kwamba "walitembea sana siku hiyo". Jamani!

MJI WA MIGUU NA FASIHI YA "HALAFU"

Hebu tutazame hadithi hizi zinavyoutendea mji. Zote hupita Strøget, mtaa wa maduka wenye urefu wa kilomita moja na kidogo, kuanzia uwanja wa ukumbi wa jiji mpaka Kongens Nytorv. Zote husema ni mtaa mzuri usio na magari. Basi. Utadhani Mungu aliuumba hivyo siku ya tatu. Ukweli ni kwamba mtaa huo ulijaa magari hadi mwezi wa Novemba mwaka 1962, ulipofungwa kwa majaribio. Wenye maduka walipinga. Walihofia kufilisika, na ilisemwa kwamba Wadenmark si Waitaliano, baridi yote ile nani atatembea nje? Watu wakatembea. Msanifu majengo Jan Gehl akawa anakwenda kuwahesabu na kuwatazama, wanasimama wapi, wanakaa wapi, wanageuka kutazama nini, na mwaka 1971 akatoa kitabu chake kuhusu maisha yaliyo katikati ya majengo. Mtu huyu alijenga taaluma nzima kwa kutazama watu wakitembea. Mwandishi wetu amepewa watu wawili tu wa kuwatazama, na bado hawaoni.

Mambo ya jua ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa Juni jua la Copenhagen huchomoza saa kumi na nusu hivi za alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku, kwa saa zetu. Hadithi zote zinalishangaa jua hilo, lakini zinalishangaa kama pambo. Fikiri kidogo. Katika hadithi za kwetu wapenzi hutenganishwa na magharibi. Giza likiingia binti lazima arudi nyumbani, na kila msomaji anaelewa bila kuelezwa. Kule giza halikuambii rudi. Kwa hiyo ni lazima mmoja wa wale wawili aseme: nimechoka, twende tukalale. Nani atalisema? Nani atajikaza asilisema ili asimharibie mwenzake siku? Hapo jua limekuwa kazi ya fani, limewalazimisha wahusika kutoa siri zao. Hilo ndilo ninalolidai.

Badala yake tunapewa kitu ninachokiita fasihi ya "halafu". Mfano wake nautunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu:

"Tulitoka hotelini tukaenda Nyhavn. Nyhavn kuna nyumba za rangi mbalimbali na mashua. Halafu tukaenda kwenye mnara wa Rundetårn tukapanda hadi juu. Tuliona mji wote. Halafu tukala samaki. Ilikuwa siku ya furaha isiyosahaulika."

Imesahaulika tayari. Sasa chukua huo huo mnara. Mfalme Christian wa Nne aliujenga kati ya mwaka 1637 na 1642, una urefu wa karibu mita 35, na ndani yake hukuti ngazi za kawaida. Kuna njia pana ya matofali inayopanda kwa kuzunguka, mara saba na nusu, hadi karibu na kilele. Njia ya namna hiyo ni zawadi kwa mwandishi, kwa sababu watu wawili wanaweza kuipanda sambamba, tena kwa muda mrefu, bila kuona mwisho wake. Ningeandika hivi:

"Mzunguko wa tatu mume akasimama dirishani, akasema anatazama paa za nyumba. Mke akajua anatafuta pumzi. Akasimama naye, akazitazama paa ambazo hakuwa na haja nazo."

Sijasema ni maandishi ya tuzo. Lakini katika sentensi tatu sasa tunajua umri wao unaanza kuhesabika, tunajua mume ana kiburi kidogo, na tunajua mke ana mapenzi. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyesalitiwa, na mnara bado upo palepale.

NGUVA ALIYENUNUA MIGUU

Mwisho wa kila hadithi ya likizo ya Copenhagen ni sanamu ya nguva, pale Langelinie kando ya maji. Wapenzi wanatembea mwendo mrefu kuifikia, wanakuta ni ndogo, mita moja na robo tu, wanacheka, wanapiga picha. Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu sanamu hiyo imetoka katika hadithi, na hadithi hiyo ni ya watu wawili wakitembea!

Hans Christian Andersen aliichapisha mwaka 1837. Wengi wetu tunaijua kwa filamu ya Disney ya mwaka 1989, ambayo mwisho wake ni harusi. Andersen hakuandika harusi hiyo. Nguva wake anampenda mwana wa mfalme wa nchi kavu, anakwenda kwa mchawi wa baharini kuomba miguu, na bei yake ni ulimi. Anakatwa ulimi. Anapata miguu mizuri kuliko ya binadamu yeyote, lakini kila hatua anayokanyaga inamuuma kama anayekanyaga visu. Yule bwana anapenda kutembea naye. Wanapanda milima pamoja, miguu ya binti inatoka damu hadi watu wengine wanaiona, yeye anacheka na kuendelea kumfuata. Bwana haulizi. Na binti hana ulimi wa kusema. Mwishowe bwana anamwoa mwingine. Dada zake nguva wanamletea kisu: mchome moyoni, damu yake ikikugusa miguu utarudi kuwa nguva. Binti anakitupa kisu baharini.

Mimi sijasoma maelezo bora kuliko hayo kuhusu wawili wanaotembea. Mmoja anafurahia mandhari, mwingine analipia kila hatua, na yule anayefurahia hajui. Andersen hakumfanya mwana wa mfalme kuwa katili. Ni mtu mwema, mkarimu, anampenda yule binti kama mtu anavyompenda mtoto. Kosa lake ni kwamba hajawahi kutazama chini, miguuni mwa anayemfuata. Mwandishi dhaifu angemfanya jambazi na hadithi ingekufa papo hapo.

Na sanamu yenyewe ina habari ya wawili. Aliyeigharimia ni Carl Jacobsen, tajiri wa kiwanda cha bia cha Carlsberg, baada ya kuvutiwa na mchezo wa dansi uliotokana na hadithi hiyo. Mchongaji, Edvard Eriksen, alitumia uso wa mcheza dansi Ellen Price, lakini mama huyo hakukubali kukaa uchi mbele ya mchongaji, kwa hiyo mwili ukachongwa kwa kumtazama Eline, mke wa Eriksen. Ilizinduliwa mwaka 1913. Mke wa mtu amekaa pale juu ya jiwe kwa niaba ya mwanamke mwingine zaidi ya miaka mia moja. Wapenzi wetu wa likizo wanasimama mbele yake, viatu vipya vikimbana mmoja wao, wanasema "ni ndogo kweli", wanaondoka. Mwandishi alikuwa na kila kitu mkononi akakiacha kidondoke.

ANAYEFUATA NYUMA

Kitabu cha pili ninachotaka mkisome ni kigumu zaidi. Mwaka 1843 Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa hapo hapo Copenhagen, alitoa kitabu kikubwa kiitwacho Enten – Eller, yaani Ama – Au. Ndani yake kuna sehemu ambayo kwa Kiswahili tungeiita Shajara ya Mtongozaji. Johannes, kijana mwenye akili nyingi na moyo mdogo, anamwona binti aitwaye Cordelia mjini. Anamfuatilia. Anajifunza njia anazopita na saa anazopita, anapanga "kukutana naye kwa bahati" bila hata kumsalimu. Mtaa mzima unakuwa mtego. Wanachumbiana, kisha anamchezea akili hadi binti mwenyewe anavunja uchumba, akidhani ameamua kwa hiari. Baada ya usiku mmoja anamwacha.

Kwa fani, kazi hiyo ni hatari kwa uzuri wake. Msomaji anajikuta anamshangilia mwindaji. Lakini kama mhakiki lazima niseme kilichopungua, na nadhani Kierkegaard alikipunguza kwa makusudi. Cordelia hana miguu yake mwenyewe. Sauti yake tunaipata katika barua chache tu, nyingine zote ni kalamu ya Johannes. Tunajua alipopita, hatujui alikuwa anakwenda wapi. Kierkegaard alitaka tuone ubaya wa hilo. Sasa linganisheni na hadithi za mapenzi zinazoletwa kwenye kurasa kama hizi zetu: kijana wa kiume anasimulia, msichana "anatembea kwa madaha", msichana "anageuka", msichana "anatabasamu". Yeye alikuwa anakwenda wapi? Kununua mafuta ya taa? Kumwona mgonjwa? Tunaandika kama Johannes bila kujua kwamba Johannes ndiye mwovu wa hadithi.

Maisha ya Kierkegaard mwenyewe yanatisha zaidi ya kitabu. Mwaka 1840 alimchumbia Regine Olsen, binti wa miaka 18. Mwaka uliofuata akavunja uchumba. Regine baadaye akaolewa na Fritz Schlegel. Lakini Copenhagen ulikuwa mji mdogo, na Kierkegaard alikuwa mtembezi maarufu, kila siku yuko barabarani. Kwa hiyo wawili hao waliendelea kupishana njiani miaka mingi. Wanaonana, hawasemi. Mwaka 1846 gazeti la dhihaka liitwalo Corsaren likamchora na kumcheka hadi suruali yake, watoto wa mitaani wakawa wanamzomea, matembezi yake yakaingia shubiri. Bado alitembea. Tarehe 17 Machi 1855 Regine alikuwa anaondoka na mumewe, aliyepewa ugavana wa visiwa vya Denmark huko Karibi. Siku hiyo alitoka nje akamtafuta Kierkegaard barabarani, akampata, akamwambia kwa sauti ya chini Mungu akubariki. Novemba ya mwaka huo huo Kierkegaard akafariki.

Wazia: zaidi ya miaka kumi na tatu ya kutembea katika mji mmoja, na maneno yote ni salamu moja. Ukimpa habari hiyo mwandishi wa "halafu" ataimaliza kwa mstari mmoja. Mimi ningeitumia kumuuliza: wapenzi wako wa likizo, wanaotembea bega kwa bega siku saba na kuzungumza kutwa, wameambiana nini kinachofikia uzito wa salamu ile?

ASIYEKUWEPO

Kitabu cha tatu ni cha Mwingereza, Mary Wollstonecraft, aliyepigania haki za wanawake. Majira ya joto ya mwaka 1795 alisafiri Sweden, Norway na Denmark, na mwaka 1796 akachapisha barua 25 za safari hiyo. Hakuwa likizo. Alikuwa anafuatilia mambo ya biashara ya mwanamume aliyezaa naye, Gilbert Imlay, na alikuwa na mtoto wao wa kike wa mwaka mmoja pamoja na yaya. Barua zinaelekezwa kwa mtu asiyetajwa jina. Mtu huyo ndiye Imlay, ambaye mapenzi yake yalikuwa yamekwisha kupoa.

Kwa hiyo hapa kuna wawili, lakini mmoja hayupo. Kila mlima, kila maporomoko ya maji, kila mlo wa samaki wa chumvi unasimuliwa kwa mtu ambaye angepaswa kuwa kando yake. Hatangazi uchungu huo kila ukurasa. Anaelezea miti, bei, sheria za nchi, tabia za wafanyabiashara, na ghafla sentensi inageukia yule mtu, kisha inarudi kwenye miti. Wenzangu mnaopenda kuandika "machozi yalimbubujika", jifunzeni hapo.

Naye alifika Copenhagen. Mwezi wa Juni mwaka huo moto mkubwa ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya mji. Akikaribia aliona mahema nje ya mji akadhani ni kambi ya jeshi. Kumbe ni maskini waliounguliwa nyumba. Angalieni ufundi huo: anaacha dhana yake ya kwanza ibaki kwenye ukurasa, kisha anaacha ukweli uisahihishe mbele ya macho yetu. Jicho la msafiri linadanganyika, na mwandishi mzuri anatuonyesha jicho likidanganyika. Hadithi zetu za likizo hazidanganyiki kamwe. Kila kitu ni kizuri tangu kinapoonekana kwa mbali mpaka kinapofikiwa. Hakuna anayepotea njia, hakuna anayeshtuka kusoma bei ya soda, hakuna anayegundua kwamba watu waliokaa kimya kwenye benchi hawana chuki naye ila ndivyo wanavyokaa.

LAKINI MBONA HUZUNI TUPU?

Najua mtakaloniambia. Mtasema: wewe umetuahidi kutetea raha, sasa mifano yako yote ni ya watu wenye majonzi. Nguva anakuwa povu, Cordelia anaachwa, Mary anaandika kwa asiyemjibu. Si umerudi kule kule kwa wahakiki wakongwe?

La hasha. Nimeichukua mifano hiyo kwa sababu ndani yake tofauti ya mwendo inaonekana wazi, kama ugonjwa unavyomfundisha daktari mwili mzima unavyofanya kazi. Mtu akikwisha kuiona pale, ataiona hata kwenye furaha. Kati ya wapenzi wenye furaha tofauti ya mwendo haiondoki, ila inatendewa vingine. Mmoja anapunguza. Mwingine anakaza kidogo. Mmoja anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mmoja anabeba mfuko bila kuombwa, na mwingine anajua, hasemi. Kusubiriana ni kitendo. Kina mwanzo, kina gharama, kina mtu anayekifanya. Wahakiki wanaotafuta mgogoro watakikuta hapo, mdogo kama punje ya mchele, lakini mzima.

Kuna mahali Copenhagen panapofaa kwa hilo kuliko Nyhavn. Ni makaburi ya Assistens, mtaa wa Nørrebro. Andersen amezikwa huko, Kierkegaard amezikwa huko, na Regine naye amezikwa huko huko, pembeni ya mumewe. Siku za jua wakazi wa mji huenda kupumzika kwenye nyasi, wanasoma, wanaota jua, wengine wamebeba chakula. Kwa Mswahili hilo ni jambo la kumfanya aondoke mbio. Makaburini? Na mkate? Basi waweke wapenzi wako wawili hapo. Mmoja anaona ni sawa kukaa, mwingine nafsi inamsuta, anakaa ukingoni mwa nyasi viatu vyake havijavuliwa, kwa ajili ya mwenzake. Hamjagombana. Hamjalia. Lakini msomaji wako wa Temeke au wa Kisauni sasa yuko macho, kwa sababu anajua kabisa kile kiatu kisichovuliwa kinasema nini.

KWA WENZANGU

Msije mkadhani kuandika habari za Ulaya kwa Kiswahili ni jambo la wivu au la kuiga. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, na simulizi yake ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Njia aliichagua bwana wake. Maneno aliyachagua yeye. Babu zetu walikwisha kutembea huko wakaandika, tena wakiwa nyuma ya mtu mwingine. Sisi tunaowaandika wapenzi wanaojichagulia njia wenyewe tusiandike kwa uchovu kuliko yeye.

Kwa hiyo, chipukizi mwenzangu, kabla hujaipeleka hadithi yako ya likizo kwa mhariri, iulize maswali matatu. Nani alichagua njia ya siku hiyo, na mwenzake alitaka kwenda wapi? Nani alichoka kwanza, na alisemaje, au alinyamazaje? Ni kitu gani walikiona kwa mbali wakakidhania kingine? Kama hadithi haina jibu hata la swali moja, rudi mezani. Futa Nyhavn, futa aiskrimu, futa "isiyosahaulika". Uache mtaa mmoja tu na watu wawili ndani yake.

Na wewe mhakiki mkongwe, usituulize tena kwa nini tunaandika watu wanaopumzika. Watu wetu wamekamatwa kwa kutembea bila sababu. Waacheni angalau kwenye karatasi watembee siku saba bila kuulizwa wanakwenda wapi. Kazi yetu waandishi ni kuhakikisha kwamba hata wakiwa hawana pa kwenda, msomaji anajua ni nani kati yao aliyepunguza mwendo ili mwenzake amfikie.